Dereva wetu hataki kusimama, mama mkwe hathubutu kunywa maji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Mume wangu ni mtu mwema, nyumbani sina la kumsema. Shida yangu inaanza akishika usukani.

Mwishoni mwa Juni shemeji yangu anaoa Dar es Salaam. Tutakwenda na Noah yetu, watu sita: baba watoto, mimi, mama mkwe ambaye atatoka Tukuyu, kijana wetu wa miaka 14, binti wa miaka tisa na kitinda mimba wa miaka minne. Ni zaidi ya kilomita 800. Baba watoto anataka tutoke saa kumi alfajiri na tufike siku hiyohiyo, kama ilivyo kawaida yake. Nikikumbuka safari zilizopita, hamu ya harusi inaniisha.

Kwanza hasimami. Mabasi aliyoyaacha nyuma yakimpita kwa sababu tumeshuka kuchimba dawa, ananuna hadi Mafinga. Akifika tu, anawapigia kaka zake kuwatajia saa alizotumia. Mahali pekee anaposimama kwa hiari yake ni Ruaha Mbuyuni, kununua vitunguu, tena gunia zima, na linapakiwa chini ya miguu ya watoto.

Pili, binti anatapika. Tukianza kuteremka Kitonga tu, kazi imeanza. Mifuko ya plastiki siku hizi haipo, hii ya kaki inalowa na kupasuka. Mmoja ulipasukia kwenye kitenge cha bibi yake. Kijana naye amejiziba masikio na muziki wa simu, ukimwita hasikii. Redio ni vita: baba anataka zilipendwa, watoto wanataka Bongo Fleva, bibi anataka kwaya.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama mkwe ana presha, na kati ya vidonge vyake kimo kile kinachomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Safari iliyopita nilimpa chupa ya maji. Akaipokea, akafungua, akagusisha midomo, akafunga. Tulipofika Morogoro chupa ilikuwa bado imejaa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, akanijibu, "Mwanangu, nikinywa nitamsumbua." Kumbe hata kidonge hakukimeza asubuhi ile. Tulipofika Dar miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii.

Nimeshamwambia mume wangu njiani apunguze mwendo na asimame. Tunaishia kugombana, wote wanasikia. Sasa anasema kama gari linamchosha mama, atamkatia tiketi ya basi. Leseni ninayo, naendesha kila siku kwenda kazini mjini, lakini safari ndefu hanipi usukani. Nifanyeje ili safari hii tuifurahie hata kidogo?

Mama Abiria, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi.

Nimeisoma barua yako nikaona mambo ya redio na kutapika yanaweza kusubiri. Lisilosubiri ni ile chupa ya Morogoro. Mzee mwenye presha amekaa kwenye kiti tangu alfajiri, hakunywa, kidonge ameruka, magoti yamekunjwa kutwa nzima. Mtu akikaa hivyo damu ya miguuni inakwenda polepole, miguu inavimba, na kuna wakati damu huganda ndani ya mshipa. Hilo ni jambo la hatari, na kukosa maji huliongeza. Safari hii akifika mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake na unauma, msimkande kwa maji ya moto mkasubiri kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya safari nenda naye kliniki. Mwelezeni daktari saa mtakazokaa barabarani, mumuulize kama siku hizo mbili kile kidonge anaweza kukimeza jioni akishafika badala ya asubuhi. Jibu alitoe daktari mwenyewe. Mimi siwezi kulitoa, wewe pia huwezi, na mkweo naye asijiamulie kimyakimya kama alivyofanya.

Ndiyo, nimesema siku mbili. Laleni Iringa.

Najua baba watoto atakavyoruka akisikia. Basi mkalie na hesabu, maana wanaume wa namna hii wanaheshimu hesabu kuliko machozi. Kilomita 100 kwa mwendo wa 90 ni dakika 67. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Amekunja uso, ametisha watoto, amepita malori kwenye kona, faida yake ni dakika saba. Halafu linakuja lori moja lililokwama katikati ya Kitonga na kuzimeza zote. Kati ya Uyole na Makambako peke yake kuna Igurusi, Chimala, Igawa na vijiji vyake, kote huko mwendo ni 50 na trafiki wamekaa na tochi za kupima mwendo. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Akipigwa tochi mara mbili amekaribia bei ya chumba cha nyumba ya wageni, na kitandani hajalala.

Hiyo saa kumi alfajiri nayo siipendi. Juni kwetu huku ni baridi kali, na ukungu wa alfajiri kwenye nyanda za Makambako na Mafinga wakati mwingine unaziba barabara hata taa zisisaidie. Ongeza malori ya Tunduma yaliyoharibika, yameegeshwa barabarani bila taa, na dereva ambaye usiku huo kapata usingizi wa saa tatu tu kwa sababu ya kupakia mizigo. Mkilala Iringa hamna sababu ya kutoka gizani. Kunyweni chai, watoto wajisaidie nyumbani, muondoke saa tatu kumeshakucha vizuri.

Siku ya kwanza ni kilomita 300 na ushee tu. Simameni kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna aliyeomba. Hiyo "hata kama hakuna aliyeomba" ndiyo dawa ya mkweo. Mzee wa Kinyakyusa hatamwambia mwanawe mbele ya wajukuu kwamba amebanwa, afadhali avumilie mpaka ajidhuru. Lakini gari likisimama lenyewe Makambako kwa sababu ratiba inasema hivyo, atashuka na wenzake, atakwenda chooni, atajinyoosha, atarudi. Hajamsumbua mtu. Na mchague vituo vyenye choo cha kueleweka, yaani kituo cha mafuta kikubwa au hoteli ya njiani. Kuchimba dawa kwenye majani ni sawa kwa kijana wako. Kwa mama wa umri wake, mwenye magoti yasiyokunjika vizuri na malori yanapita, ni udhalilishaji. Mwambie kabla hamjaondoka Uyole: "Mama, tutasimama Makambako na Mafinga, kunywa maji yako." Akijua choo kiko wapi, atakunywa.

Mkiwa hamna haraka, mtaanza kuona vitu. Karibu na Iringa, kabla hamjafika mjini, kuna Isimila. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe walizoacha watu wa kale sana. Watoto watakimbia huko chini wamalize nguvu za kutwa, bibi abaki juu kwenye makumbusho na kitinda mimba. Jioni mko mjini, mnakula chakula cha moto, mnalala. Kumbuka barabara kuu inapita chini, Ipogolo, mji wenyewe uko juu kilimani, kwa hiyo ulizieni mapema malazi yenye maegesho. Chukueni pia blanketi la ziada la bibi, usiku wa Juni Iringa hauna utani.

Siku ya pili tokeni saa kumi na mbili kamili, na hapo kuna sababu: muipate Kitonga asubuhi kabla foleni ya malori haijakolea, na muipate Mikumi wanyama bado wako malishoni.

Sasa Kitonga na binti yako. Kinachomtapisha si uchafu wa tumbo wala deko. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoiambia akili kwamba mwili unapinda na kuteremka, wakati macho yake yanatazama mgongo wa kiti au simu na kusema tumetulia. Akili inachanganyikiwa, tumbo ndilo linaloumia. Watoto wa umri wake ndio wanaoathirika zaidi, na wengi huliacha wakikua. Kwa hiyo mtoe kiti cha nyuma kabisa. Mkalishe safu ya kati, mahali anapoona barabara mbele kupitia kioo cha dereva, dirisha limefunguliwa kidogo, simu iwekwe mbali kuanzia Ilula. Asubuhi ile asiondoke na tumbo tupu, wala asijazwe chai ya maziwa na maandazi ya mafuta. Mkate mkavu, ndizi moja, maji kidogo kidogo. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, mnaweza kujaribu. Ukitaka dawa, nenda famasi utaje umri na uzito wake, umpe mapema kama utakavyoelekezwa, kwa sababu kidonge kinachomezwa kichefuchefu kimeshaanza hurudi nacho. Dawa nyingi za aina hiyo zinaleta usingizi, dereva asiziguse. Badala ya mfuko wa kaki beba kindoo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, taulo na maji ya kunawa. Kikitumika kinafungwa, harufu haisambai, na kitenge cha bibi kinabaki salama.

Nusu nyingine ya tiba iko kwenye mguu wa baba yake. Anayeteremka Kitonga akikanyaga breki kila kona anarusha abiria mbele na nyuma, na breki zenyewe zinapata moto hadi zinanuka. Ile harufu peke yake inatapisha, na breki zilizopata moto sana zinaacha kushika. Ashushe gia kutoka D kabla ya kuanza mteremko, injini ilishike gari, breki aziguse kwa vipindi tu. Mwendo unakuwa mmoja, vichwa vinatulia. Wagawie pipi watafune na kumeza mate, kwa sababu masikio huziba mkishuka kwa haraka namna ile. Na masweta wayavue mkifika chini, maana kutoka baridi ya Iringa mnaingia joto la Ruaha Mbuyuni ndani ya muda mfupi, na mtoto mwenye kichefuchefu akiwa amefungwa sweta shingoni anazidi kuumwa.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni havina kosa, ni vizuri kweli. Anunue wakati wa kurudi. Gunia la vitunguu kwenye gari lililofungwa, joto lile, mtoto mgonjwa wa safari, hapana.

Mbele yake mnafuata bonde la mibuyu hadi Mikumi mjini. Hapo lazima wote waende chooni, hata asiyejisikia, kwa sababu mkitoka mjini mnaingia hifadhini, kama kilomita 50 za barabara ambazo hakuna kushuka garini. Mwendo wa mwisho mle ni 70 mchana, na mkigonga mnyama mnalipa. Kwa mara ya kwanza baba watoto atakuwa analazimika kwenda polepole, tumieni nafasi hiyo. Twiga, nyati, pundamilia na swala huonekana kutoka barabarani, tembo pia mkibahatika. Nyani watawasogelea, msiwatupie ndizi. Chakula cha mchana Morogoro, halafu jipeni subira ya Chalinze hadi Kibaha, hapo kila mtu anachelewa.

Kijana wa miaka 14 muache na muziki wake sehemu ya njia, ni umri. Ila mpe kazi. Yeye ndiye awe mwenye ratiba, aseme tumebakiza dakika ngapi kufika kituo. Baba anayekataa kumsikiliza mke huona aibu kumkatalia mwanawe aliyekabidhiwa saa. Na mkitoka Iringa asubuhi, kabla ya Ilula, mwambie atafute mnara wa Lugalo karibu na barabara. Ni pale Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, na kiongozi wao Zelewski akauawa. Vita hiyo wanaisoma darasani, wengi hawajui kwamba wanaipita wakiwa wamesinzia.

Redio igawanywe kwa vituo. Uyole hadi Igawa ni kwaya ya bibi, hadi Makambako zilipendwa, hadi Mafinga Bongo Fleva, na mnaendelea kuzunguka hivyo. Kisha kuna saa ambayo redio inazimwa na bibi anatega vitendawili. Binti atajibu huku anatazama mbele, ndicho tunachotaka. Huyo mdogo atahesabu malori na kubishana na kaka yake lipi linatoka Zambia na lipi Kongo, lakini afungwe mkanda kitini kwake, asipakatwe mbele.

Usukani je? Omba kipande, usiombe safari nzima. Igawa hadi Makambako panafaa, barabara haina vitisho kama vya Kitonga na utakuwa umeshaona hali ya siku. Usiseme unataka kumsaidia kwa kuwa amechoka, atakataa. Sema unataka kuizoea njia, ili siku akiumwa mbali na nyumbani kuwe na mtu wa kuwarudisha. Akikukabidhi, naye asikae pembeni akikanyaga breki hewani.

Na hapo nikugeukie wewe, mwanangu. Umeandika kwamba unamwambia njiani. Mwanamume aliyeshika usukani, mama yake yuko nyuma, watoto wamekaa kimya wanasikiliza, hawezi kukubali kosa hata akiliona. Jambo hili liongeeni nyumbani, usiku, wiki kadhaa kabla ya safari, chai iko mezani. Anza na miguu ya mama yake, mwendo uje baadaye. Lakini kabla ya hapo nenda kwa mkweo umuombe ruhusa: "Mama, ile ya chupa naomba nimwambie." Ile siri alikupa wewe. Ukiitoa bila ruhusa na mumeo akamkabili mama yake kwa mshangao, mzee atakataa mbele yake na hatakuambia kitu tena. Akikubali, msimulie mumeo kama ulivyonisimulia mimi, na chupa imejaa hadi Morogoro. Sidhani kama anajua. Mtoto wa kiume akiambiwa kwamba mama yake alijinyima maji ili asimkere, hana mbio tena za kuwatajia kaka zake.

Kisha mwachie yeye kuchagua vituo na nyumba ya kulala. Ratiba ikiwa yake ataitetea. Tena anaweza kuwapigia hao kaka zake kuwatajia kwamba amemfikisha mama anatembea kwa viatu vyake.

Kuhusu kumkatia mama tiketi ya basi, hapana. Kwenye basi ndiko asikoweza kabisa kumsimamisha dereva, na kuchimba dawa kwao ni dakika chache za kukimbizana. Kama lazima asafiri nje ya gari lenu, treni ya TAZARA kutoka Mbeya, ikiwa inafanya safari, ina choo na nafasi ya kunyoosha miguu, na usiku analala. Kasoro yake ni kwamba huweza kuchelewa, na harusi ina tarehe. Kwa kwenda mchukueni nyinyi. Kwa kurudi, kama mama hana haraka na kuna wa kumsindikiza, ulizieni stesheni ya Dar siku za safari na mkate tiketi ya behewa la kulala mapema.